Dakika Kumi za Hewa Safi

Jumatatu, 3 Juni. Siku ya 17 ya ndoa.

Mke wangu ana kidoti chini ya sikio la kushoto. Nimekigundua leo asubuhi akichana nywele. Siku kumi na saba, na bado navumbua! Nimechelewa kazini dakika ishirini. Sijutii hata moja.

Ananiita "pumzi yangu". Mbele ya watu hasemi, ananong'ona tu mlangoni ninapotoka. Pumzi yangu. Nafika kituoni miguu haijagusa ardhi.

Leo Meneja katuita wawili ofisini: mimi wa chumba cha vipimo, na fundi mkuu wa tanuru, ambaye kituo kizima kinamwita Komandoo kwa sababu huvaa buti hata siku ya mapumziko. Kasema nyumba ya wageni ya kampuni kule ziwani itakuwa wazi wiki ya mwisho ya mwezi. Siku tano. Kitanda chenye chandarua, mashua ya makasia, mpishi. Komandoo akifua umeme mwingi kuliko mwezi uliopita, nyumba ni yake. Mimi nikifikisha wiki hiyo bila mstari mwekundu kwenye taarifa ya moshi, ni yangu. Tukifaulu wote wawili, kasema, atakwenda mwenye ndoa mbichi. Komandoo alicheka kwa meno tu.

Hatukwenda fungate, mimi na mke wangu. Harusi Jumamosi, kazini Jumatatu. Ziwa nilimwahidi tangu uchumba. Jioni nikamwambia tunakwenda. Sikusema "huenda". "Huenda" si neno la mapenzi.

Amekwishachagua kitambaa cha gauni.

Jumanne, 4 Juni. Siku ya 18.

Niandike kazi yangu hapa vizuri, ili siku mke wangu akisoma shajara hii ajue aliolewa na nani.

Kituo chetu kinafua umeme kwa makaa ya mawe. Makaa yanaungua, moshi unapita kwenye chumba cha mifuko mirefu ya kitambaa inayonasa vumbi, halafu unapanda dohani na kwenda zake. Katikati ya dohani kuna bomba linaloleta moshi kwenye kipimo chumbani kwangu. Kila dakika kinaleta namba mezani kwangu. Kibali tulichopewa na Mamlaka ya Mazingira kinasema wastani wa kila saa usizidi hamsini. Ukizidi, mashine inachora mstari mwekundu ambao haufutiki kwa wembe wala kwa dua. Mwisho wa mwezi karatasi zote zinakwenda Mamlaka.

Ile mifuko imechakaa. Mingine ina matundu ya kupitisha ngumi. Meneja husema mwakani. Husema hivyo kila mwaka.

Kazi yangu ni kutazama namba. Wakati wa uchumba nilimwambia mke wangu kwamba mimi ndiye mlinzi wa hewa ya mji mzima. Si uongo. Ni ukweli uliovaa suti.

Jioni nimemkuta ameshika shuka za harusi, zile nyeupe alizozidarizi mwenyewe. Aliondoka kwenye duka lake la ushonaji mchana mara moja akazianika, akazianua saa kumi na nusu. Zimejaa vitone vyeusi kama zilizonyunyiziwa pilipili manga. Akaniuliza, bila hasira, wewe mtu wa hewa, hiki ni nini na kinatoka wapi.

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa ananitazama kwa macho yale. Nikasema ni tanuri la Mama Mikate.

Mama Mikate ni jirani yetu, tunatenganishwa na uzio. Anaoka kwa kuni. Hajanikosea kitu maishani, isipokuwa mara moja alinipa mkate wa jana.

Mke wangu aliamini palepale. Hata hakupepesa. Uso uliniwaka moto, nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Alhamisi, 6 Juni. Siku ya 20.

Nimevumbua! Mimi, wa kidato cha nne!

Komandoo analisha tanuru kama mtu anayenenepesha ng'ombe wa sadaka. Anataka ziwa langu. Makaa yakizidi, masizi yanaganda kwenye mabomba, na masizi yakiganda lazima ayapulize kwa mvuke. Kabla ya kupuliza hupiga kengele. Baada ya kengele, namba yangu inapanda kama mbuzi juu ya kichuguu. Leo saa tatu asubuhi wastani ulifika arobaini na nane. Jasho jembamba.

Nikakumbuka kitufe.

Kila siku huwa nakihakiki kipimo. Nabonyeza kitufe, mtungi unafunguka, kipimo kinavuta hewa safi badala ya moshi kwa dakika kumi, nami natazama kama kinasoma sifuri. Dakika hizo kumi hazihesabiwi kwenye wastani, kwa kuwa si moshi wa dohani. Kanuni inasema uhakiki ufanywe "angalau mara moja kwa siku".

Angalau! Sijawahi kukutana na neno tamu kama hili katika sheria. Limeacha mlango wazi na taa inawaka ndani.

Basi kengele ya Komandoo ikilia, nami nabonyeza. Yeye anapuliza masizi, kipimo changu kinanusa hewa ya mtungini. Akimaliza, nami nimemaliza. Wastani: arobaini na moja. Nimefanya mara tatu leo. Moshi ulitoka mweusi kama sufuria ya msibani, na karatasi yangu nyeupe kama meno ya mke wangu.

Nimemnunulia ua. Kasema mume wake ana siri ya furaha. Nikasema siri ni yeye.

Ijumaa, 7 Juni. Siku ya 21.

Mara saba. Komandoo kachungulia dirishani kwangu mara mbili, anashangaa kwa nini sichanganyikiwi.

Nyumbani kuna vita. Mke wangu amekwenda kwenye uzio na kumwambia Mama Mikate, mbele ya wateja sita wenye vikapu, kwamba mtu mzima mwenye haya hachafui shuka za bi harusi. Mama Mikate, anavyosimulia mke wangu, alifuta unga mikononi taratibu kabisa. Akasema, "Bi harusi, mimi naoka alfajiri, saa moja moto nimeuzima. Wewe umeanika mchana. Kamuulize mumeo. Analinda hewa kama paka anavyolinda samaki."

Mke wangu alinisimulia huku akicheka! Alitaka nami nicheke. Nikacheka. Kicheko kilinitoka kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

Halafu akasema hataacha mume wake atukanwe hivihivi. Yeye ni fundi cherehani, ana vipande vya pamba nyeupe mpya. Atakata miraba, kila siku atatundika mmoja kambani kuanzia saa nne hadi jioni, na kwenye pindo atadarizi tarehe kwa uzi mwekundu. Vikijaa kikapu, mji mzima utaona nani mchafu na nani mlinzi.

Ningeweza kusema hapo pia. Nafasi ya pili, imekaa mezani kabisa. Nikaongeza wali.

Jumapili, 9 Juni. Siku ya 23.

Kitambaa cha jana: kama unyayo wa mtu aliyetembea peku. Cha leo: unyayo wa pili.

Mke wangu amevipakata vyote viwili mapajani, anafikiri. Kasema jambo moja limemtatiza. Mama Mikate Jumapili haoki kabisa, na leo ndiyo Jumapili.

Nikamwambia moshi wa tanuri la mkate ni mzito, hukaa angani siku mbili ukitafuta pa kutua.

"Kumbe," akasema. Akachukua daftari lake la vipimo vya wateja, akaandika maneno yangu. Anaandika uongo wangu, kwa mwandiko mzuri, chini ya kiuno cha mteja mmoja! Kwa sababu mimi ni mtu wa hewa.

Sina pa kuuweka uso. Nimeosha vyombo vyote bila kuombwa, hata vile vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 10 Juni. Siku ya 24.

Nimepata dawa. Mke wangu hufunga duka saa kumi, hufika nyumbani saa kumi na nusu. Nyumba za wafanyakazi ziko nyuma tu ya kituo. Saa tisa na nusu nimeaga kwa sababu ya tumbo, nikakimbia nyumbani. Nimeanua kitambaa, nimekifua kwa sabuni, nimekikausha kwa pasi, nimekirudisha kambani. Kona moja imeungua kidogo, rangi ya chai.

Na kengele ya Komandoo je, nikiwa sipo? Nimeacha kitufe kimebanwa kwa kipande cha karatasi ngumu. Saa nzima kipimo kikavuta hewa safi. Mashine imeandika "haikuhesabiwa". Nani wa kuhesabu kisichohesabiwa?

Mke wangu alipokiona kitambaa cheupe alipiga vigelegele peke yake uani. Kasema maneno yake yamemwingia Mama Mikate. Ile kona nikasema ni kutu ya kibanio. Akanikumbatia. Pumzi yangu, akasema, na mikono yangu inanuka sabuni.

Inawezekana mtu kufurahi na kuona aibu kwa wakati mmoja? Inawezekana. Ni kama kula embe na ganda lake.

Jumatano, 12 Juni. Siku ya 26.

Vitambaa vitatu vyeupe mfululizo. Gauni la ziwani limekamilika: la bluu, lina mifuko miwili, mmoja wa kokoto atakazookota, mmoja wa mkono wangu. Hivyo ndivyo alivyosema. Wa mkono wangu!

Ana kikohozi. Kidogo tu, cha adabu, kama mtu anayebisha hodi. Nimemchemshia tangawizi na asali. Akanywa, akanishukuru, akasema bahati yake kuolewa na mtu anayejua mambo ya kifua. Nilikwenda kusimama chooni dakika kadhaa bila haja yoyote.

Kazini: mshale wa mtungi wa hewa safi umelala chini kabisa. Mtungi huu ulikuwa wa kutufikisha mwakani. Nimemwendea Meneja kuomba mwingine. Kauliza umeishaje. Nikasema umevuja. Meneja katazama karatasi zangu nyeupe zilizopangwa ukutani, kanitazama mimi, katazama tena karatasi. Kasema mitungi ni ya mwezi ujao, nitumie akili. Hakuuliza zaidi. Kuna watu hujua pa kuishia kuuliza.

Komandoo kaandika kwa chaki mlangoni kwangu: HONGERA BWANA HARUSI, MOSHI WAKO UNANUKIA. Sikufuta. Sijui kama ni tusi.

Alhamisi, 13 Juni. Siku ya 27.

Siku mbaya. Niiandike haraka.

Saa tatu kengele ikalia. Nikabonyeza. Mtungi ukatoa sauti ya mzee anayeketi, basi. Umekwisha. Namba ikaanza kupanda. Hamsini na tano. Sabini. Nikakimbia getini, nikaazima pampu ya baiskeli ya mlinzi, nikachomeka mpira wa kipimo kwenye mdomo wa pampu, nikapiga magoti na kuanza kupampu.

Hewa ni hewa, nilijiambia.

Kumbe si hewa. Kipimo kilitakiwa kisome sifuri. Kikasoma kumi na tisa. Hewa ya chumba changu, ninayovuta mimi miaka minne huku nimefunga tai! Niliendelea kupampu. Jasho linadondokea kipimo. Mlinzi kasimama nyuma yangu anadai pampu yake, kasema anatoka zamu na gurudumu la nyuma halina upepo.

Kisha nikamsikia mlinzi akisema shikamoo.

Mlangoni alisimama mama mmoja mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mkoba wa kitambaa begani. Mkaguzi wa Mamlaka ya Mazingira. Hakutoa taarifa. Wala hatakiwi kuitoa.

Akaniuliza kwa upole nafanya nini. Nikasema nahakiki kipimo. Akauliza kipimo hiki huhakikiwa mara ngapi kwa siku. Nikasema, nikiwa bado nimepiga magoti, angalau mara moja. Akatabasamu kama mwalimu aliyemwona mtoto akinakili pamoja na jina la mwenzake. Akabonyeza vitufe viwili ambavyo sijawahi kuvigusa, na mashine ikatapika karatasi ndefu.

Kila ubonyezaji umo. Saa, dakika, urefu. Mara sitini na tatu kwa siku nane. Karibu kila mmoja baada ya kengele ya Komandoo.

Miaka minne nimekaa na mashine ile, sikujua. Nayo ina shajara yake. Tofauti ni kwamba ya kwake haijipendelei.

Mkaguzi kakunja karatasi, kasema kesho ataendelea, atapita na kwenye makazi kuona wanaoishi karibu wanasemaje. Nikasema karibu sana.

Saa tisa na nusu nilikwenda nyumbani, nikafua kitambaa. Mazoea.

Ijumaa, 14 Juni. Siku ya 28.

Leo nitaandika yote.

Saa tisa na nusu niliingia uani mbio kama kawaida, pakiti ya sabuni mfuko wa shati. Sebuleni nikasikia vikombe. Mke wangu alifunga duka mapema kuja kujaribu gauni la ziwani. Alikuwa amelivaa. Na kwenye kiti changu ameketi Mkaguzi, anakunywa chai.

Mke wangu aliruka kwa furaha kuniona. Akamwambia mgeni huyu ndiye mwenyewe, huyu ndiye mlinzi wa hewa. Kumbe Mkaguzi aliona kitambaa kambani, akauliza ni cha nini. Na mke wangu, moyo wangu, kipenzi changu, akamwingiza ndani na kumtandazia kikapu kizima mezani. Jumamosi na Jumapili, vyeusi. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, vyeupe. Alikuwa anamweleza jinsi jirani alivyochafua na jinsi alivyokanywa akakoma. Amesimama wima. Kama mtoto anayesomea wageni cheti chake.

Mkaguzi alivitazama vyeupe, akanitazama mimi, akatazama mfuko wa shati langu.

Mke wangu akachukua kitambaa cha Jumatatu kumwonyesha mgeni darizi ya tarehe. Hapo vidole vyake vikasimama. Akakisugua kwa kidole gumba, taratibu. Akachukua cha Jumapili, kile cheusi, akakisugua. Akarudi kwa cha Jumatatu.

Mimi sijui nguo. Yeye anajua. Pamba mpya ina wanga, inakwaruza, inatoa sauti ndogo ukiikunja. Ikifuliwa mara moja tu inalegea, haisemi tena.

"Hiki kimefuliwa," akasema, si kwa yeyote.

Akachukua cha Jumanne. "Na hiki." Cha Jumatano. Cha Alhamisi hakukigusa. Alikinusa kwa mbali. Halafu akatazama ile kona ya rangi ya chai, na macho yakapanda polepole hadi mfukoni mwangu, kwenye pakiti.

Nilitamani ardhi ipasuke. Sakafu yetu ni saruji.

Akatoka uani. Akarudi na kitambaa cha leo. Cheusi, kikavu, kinakwaruza. Akakiweka mezani pamoja na vile viwili, akamwambia Mkaguzi vya kweli ni hivi vitatu, achukue. Mkaguzi akauliza kama ana hakika. Akasema ndiyo, mama. Mkaguzi akavifunga kwenye bahasha kwa heshima, kama mtu anayekunja sanda, akaaga.

Tulibaki wawili. Nilingoja kelele. Ningeipenda kelele. Akakaa kwenye kile kiti, kwenye gauni la bluu, mikono ndani ya mifuko yote miwili.

"Nilimtukana mwanamke wa watu mbele ya wateja wake," akasema. "Kwa ajili yako."

Halafu akakohoa. Kile kikohozi cha adabu.

Nilisema nilifanya yote kwa ajili ya ziwa. Akanitazama kama ninayezungumza kutoka chumba kingine.

Jumatatu, 17 Juni. Siku ya 31.

Matokeo.

Barua ya Mamlaka imefika. Kuanzia Alhamisi tanuru lizimwe, lisiwashwe tena mpaka mifuko yote ya kuchujia moshi iwe mipya. "Mwakani" ya Meneja imekuwa Alhamisi. Karatasi zangu zote za mwezi zimebatilishwa. Komandoo naye hawezi kufua umeme kwa tanuru baridi, kwa hiyo ziwa limetukosa sote. Ameniambia kwamba amefanya kazi na wajinga wengi, lakini mimi ni wa kwanza aliyejaza ujinga kwa pampu. Watu wa zamu nzima walicheka. Mlinzi ndiye aliyecheka zaidi, na pampu yake nilimrudishia!

Meneja kasema amesikitishwa sana na alikuwa hajui lolote. Kanihamishia yadi ya majivu. Kazi ni kumwagia majivu maji kwa mpira yasipeperuke. Natoka huko nimekuwa wa kijivu kuanzia kope.

Nimeambiwa pia kwamba Mamlaka itairekebisha kanuni. Haitasema tena "angalau mara moja". Itasema "mara moja, isizidi mbili". Kwa ajili yangu! Nilisikia fahari kidogo. Nikaona aibu kwa ile fahari. Nikamwagia majivu maji.

Jumamosi mke wangu alikwenda kwa Mama Mikate. Alivaa lile gauni la ziwani, maana ndilo zuri kuliko yote aliyonayo. Alikwenda saa ile ile ya wateja, ili waliosikia tusi wasikie na radhi. Mimi nilichungulia nyuma ya pazia. Sikusikia maneno. Niliona tu kichwa cha mke wangu kimeinama, na mkono wa Mama Mikate, wenye unga hadi kwenye kiwiko, ukishuka begani kwake na kuacha alama nyeupe kwenye bluu. Kisha akampa mkate wa moto. Kisha akageuka, akatazama moja kwa moja kwenye pazia langu, akalia kama paka.

Mke wangu hanigombezi. Ni vibaya zaidi. Ananisalimia. Ananikaribisha chakula kwangu mwenyewe, "karibu", kama mgeni aliyekuja kuuliza chumba. Asubuhi mlangoni hakuna kunong'ona.

Jana nimemwomba aniambie nifanye nini. Akafikiri sana. Halafu akanipa kikapu, pamba, sindano na uzi mwekundu. Kuanzia leo nitatundika kitambaa mimi mwenyewe kila siku, saa nne hadi jioni. Nitaanua mimi, nitadarizi tarehe mimi, nitaweka kikapuni kama kilivyotoka. Kama kilivyotoka, alirudia. Vikifika thelathini vya kweli, ataniita lile jina.

Mpaka leo kimoja. Cheusi. Msimamizi wa yadi ananiruhusu dakika tano za kukimbia kutundika. Tarehe yangu inafanana na funza waliokanyagwa, lakini ni ya kweli. Nilikiweka kikapuni nikalia kidogo.

Nimekuwa mtu mpya.

Jumapili, 23 Juni. Siku ya 37.

Siku nzuri ajabu! Tanuru ni baridi tangu Alhamisi. Dohani imesimama kimya, ndege wametua juu yake. Mafundi wanapandisha mifuko mipya, na Komandoo, aliyekosa cha kulisha, anakaa juu ya ndoo amevaa sandali. Ana vidole vya miguu vya kawaida tu. Mama Mikate amesafiri kwa mpwa wake hadi Jumanne, tanuri lake limefunikwa gunia. Anga la bluu kama lile gauni. Kikohozi cha mke wangu kimekwisha. Jana alicheka, kwa jambo nililosema mimi! Sikumbuki nini. Namkumbuka alivyotupa kichwa nyuma, na kidoti kikaonekana.

Nimejifunza mengi katika mwezi huu. Nimejifunza kwamba mke ni amana, na kwamba njia ya mwongo ni fupi, na kwamba nguo mpya ina wanga.

Ila leo kumetokea jambo dogo.

Asubuhi mke wangu alikwenda kwa dada yake. Mimi nikalala kwenye mkeka uani, natazama anga, nawaza atakaporudi. Niliwaza hadi saa kumi. Kitambaa sikukitundika. Nimesahau kabisa! Cha saba, na kikapu kina sita!

Nikavitazama vile sita. Vitatu vya mwanzo vyeusi, vizuri, vya kuaminika. Vya Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi vimetoka vyeupe pe pe pe, hata naona aibu kuvitazama. Vinafanana mno na vile nilivyofua. Vitatu mfululizo! Nikaongeza cha nne cheupe, atafikiri nini? Atafikiri nimerudia mchezo.

Kutundika sasa nimechelewa. Kuweka kipya kitupu ni uongo, na uongo nimeuacha.

Ndipo nikaona buti zangu za kazini mlangoni. Zina majivu hadi kwenye kamba. Nimechukua kitambaa kipya, nikakisugua kwenye soli, juu, chini, pembe zote nne, bila uchoyo. Kimetoka cheusi ti, kuliko hata kile cha Jumamosi ya kwanza. Nikakikunja kusikiliza: kinakwaruza. Wanga wote umo! Hakuna fundi cherehani duniani atakayesema hiki kimefuliwa.

Nimedarizi tarehe. 23 Juni. Nimejichoma sindano mara mbili, nimetulia. Nimekiweka juu kabisa kikapuni, mahali atakapokiona akiingia tu. Ataona kwamba mume wake hafichi kitu tena, hata siku ambayo hewa ni mbaya kuliko zote.

Namsikia getini. Anaimba, amelivaa gauni la bluu. Amesimama kidogo kutazama anga.

Leo ataniita, hata kabla ya thelathini. Nina hakika.